Farasi 400 kwa boneti, na bado unaachwa kwa taa

Wasee, leo najua kuna watu wataniacha kwa hii, na iwe hivyo. Kama uko na Subaru, Golf, Mark X, ama ile Crown mlichanga watu watatu mkanunua, keti chini tuongee.

Tumekuwa kizazi cha karatasi ya daino. Mtu anapeleka ndai kwa fundi, anafunga tabo kubwa, anabadilisha ekzosti mpaka watoto wa ploti nzima wanaamka saa nane usiku, anatyuniwa kompyuta ya gari, halafu anaweka karatasi mtandaoni. Farasi 320. Farasi 380. Farasi 400! Chini yake ni emoji za moto tu. Halafu siku ya resi anajipanga kwa mstari, taa inawaka, na yeye bado ako hapo anawaza maisha. Jamaa wa farasi 250 ashaenda.

Na akishapoteza anasema nini? "Nitaongeza busti." Buda, shida yako si busti. Wewe ulipoteza kabla gari yako isonge hata futi moja.

Hiyo ndiyo kesi yangu leo. Kwa dragi ya kutoka kusimama, zile farasi 30 za mwisho ulizonunua kwa mkopo wa simu ndizo farasi ghali kuliko zote, kwa sababu muda uleule ungeupata chini ya gari kwa pesa kidogo, na kwa mguu wako bila pesa yoyote. Lakini mguu hauna picha nzuri. Bushi mpya haipigi kelele. Watu wa kontenti wanawauzia kelele, na nyinyi mnanunua.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawajui, hata wale wamejiandika "mwana resi" kwa wasifu wao. Kwa dragi ya robo maili, yaani mita 402, kuna saa mbili. Ya kwanza inaanza taa ya kijani ikiwaka na inaisha tairi yako ya mbele ikiachilia ule mwale wa mwanga ulio kwa mstari wa kuanzia. Huo ni muda wa kuitikia. Ya pili inaanza hapo hapo tairi ikiachilia mwale, na inaisha ukivuka mwisho. Huo ni muda wa mbio. Sasa angalia hapo vizuri. Ukilala kwa taa sekunde nzima, muda wako wa mbio haubadiliki hata kidogo. Karatasi itasema una gari kali. Mwenzako naye atakuwa ameshinda, ameshuka, na ako kwa smoki na kachumbari.

Wengi wanachanganya hii na mbio za miguu. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, ile 9.77 ilianza kuhesabiwa mlio wa bunduki, kwa hivyo muda wake wa kuitikia uko ndani. Kwa dragi uko nje. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea na karatasi nzuri maisha yake yote na asijue kwa nini hashindi.

Chukua mfano. Gari ya kwanza muda wa mbio ni sekunde 12.50, lakini dereva ameitikia kwa 0.45. Jumla ni 12.95. Gari ya pili ni dhaifu, muda wake wa mbio ni 12.80, lakini dereva ametoka kwa 0.08. Jumla 12.88. Gari dhaifu imefika kwanza, karibu mita 3 mbele. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na hii hesabu naiweza, ni kujumlisha tu. Lakini mwambie huyo wa kwanza alipoteza kwa sababu ya mguu wake, uone vile atakutajia mafuta mabaya, plagi, hali ya hewa na mchawi wa shangazi yake.

"Ah, lakini ni sehemu ya kumi ya sekunde tu." Tu? Ukivuka mwisho na kilomita 160 kwa saa, unakula mita 44 kila sekunde. Sehemu ya kumi ni mita 4.4. Impreza yako kutoka bampa hadi bampa ni karibu mita 4.4. Kwa hivyo kila 0.1 unayolala pale kwa taa ni Subaru nzima umempa mwenzako zawadi. Ukilala 0.3, umempa Subaru tatu zimepangwa foleni kama magari ya harusi.

Sasa zigeuze hizo kuwa pesa. Watu wa dragi wana kadirio la zamani: farasi 10 zinakupunguzia kama sekunde 0.1 kwa robo maili. Si sheria, inategemea uzito wa gari na mambo mengine, lakini kwa hizi ndai zetu haiko mbali. Kwa hivyo dereva anayeshuka kutoka 0.40 hadi 0.10 amefanya kazi ya farasi 30. Bila kufungua boneti. Uliza fundi wako farasi 30 ni pesa ngapi, halafu uongeze bei ya klachi itakayochomeka, na giaboksi itakayolia baadaye.

Nawaona mnasema, "Mimi niko fasta, nikiona kijani nakanyaga." Hapo ndipo unaachwa. Mtu wa kawaida akiona mwanga anachukua kama sekunde 0.2 kabla misuli ifanye kitu. Gari nayo inahitaji muda wake: klachi ishike, nguvu ipite kwa shafti, tairi iume, gari isonge mpaka tairi ya mbele iachilie mwale. Hapo pia unaweza kuweka 0.2 ama zaidi. Ukingoja kijani ndiyo uanze, umeshachelewa 0.4 hata kama wewe ni paka.

Ndiyo maana mti wa taa umepangwa vile umepangwa. Wamarekani wa NHRA walianza kuutumia 1963, kwa mashindano yao makubwa pale Indianapolis. Kabla ya hapo alikuwa ni mtu na bendera. Juu kuna taa ndogo za kukuambia umejipanga. Halafu kuna taa tatu za njano, kisha kijani, kisha nyekundu ya aibu. Kwa mti wa kawaida njano zinashuka moja moja, nusu sekunde kati ya kila moja, na kijani inakuja nusu sekunde baada ya ile ya mwisho. Kwa mti wa maprofeshono njano zote tatu zinawaka pamoja na kijani inafuata baada ya 0.4. Jumlisha tena: macho na mguu 0.2, gari 0.2. Unaona? Huo mti umepangiwa mtu anayetoka kwa njano. Kijani inafaa ikute gari yako tayari inaachilia mwale. Ukiwahi hata kwa elfu moja ya sekunde, nyekundu, umeenda nyumbani.

Kwa hivyo huu ni mchezo wa kukisia vizuri, tena na tena, bila kupita mpaka. Na kukisia kunafunzwa.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu, na labda ndiyo sababu hakuna mtu anayapenda. Programu za mti wa taa ziko za bure kwa simu na kwa kompyuta. Wengi wakizipata wanacheza na kidole gumba wakiwa kwa matatu, wanapata 0.02, wanapiga picha ya skrini, wamemaliza. Hapo umefunza kidole. Resi unaanza na mguu. Kaa kwa gari imezimwa, kiti kimewekwa vile unakiweka siku ya resi, viatu vilevile, weka skrini mbele mbali kama mti wenyewe ungekuwa, na mtu akurekodi na simu nyingine akionyesha mguu na taa pamoja. Halafu hesabu fremu. Video ya fremu 60 kwa sekunde inakupa vipande vya karibu 0.017, inatosha kabisa kujua kama umelala.

Fanya mara 20, andika kila moja kwa kitabu. Kitabu cha karatasi, kile cha shule cha bei rahisi. Usiangalie ile bora zaidi. Angalia umbali kati ya ile bora na ile mbaya. Msee anayepiga 0.03, halafu 0.21, halafu nyekundu, halafu 0.30, huyo hana kitu, hiyo 0.03 ni bahati. Msee anayepiga 0.12, 0.13, 0.11, 0.12, huyo ni hatari, ingawa kwa macho yenu ni mchovu. Kwa nini hatari? Kwa sababu akishakuwa sawasawa hivyo, unaweza kurekebisha gari imfuate. Unaongeza mzunguko wa injini kidogo wakati wa kutoka, unakaza kitu fulani mbele, na ile 0.12 inakuwa 0.05 bila yeye kubadilisha chochote. Huyo mwingine ukirekebisha gari yake, ni kama kumshonea suti mtu ambaye hasimami.

Vitu vidogo vingine. Chagua taa moja ya njano na uikazie macho, usiangalie mti mzima. Kuna madereva wanaoziba zile za juu kabisa na kipande cha kitu kwa kioo wasizione. Usiangalie lane ya mwenzako, hakuna kitu chako huko. Kama ni klachi, jua mahali inaposhika kama unavyojua swichi ya taa ya choo chenu gizani. Kama ni otomatiki, shika breki na mguu wa kushoto, panda mzunguko kidogo ili ulegevu wote utoke kwa shafti na maunti, halafu ukiachilia breki gari inaenda saa hiyo hiyo. Lakini sekunde chache tu, mafuta ya giaboksi yanachemka haraka na hayo hayana huruma.

Sasa tuje chini ya gari, na hapa ndipo ninakasirika zaidi.

Hizi barabara zetu unazijua. Matuta yasiyo na rangi, mashimo ya mvua ya Aprili ambayo bado yako Disemba. Gari ya miaka 15 imepita hapo kila siku, bushi zimekwisha, maunti za injini zimelegea, shoki, ama shokomzoba kama fundi wako anavyoziita, zinavuja mafuta. Halafu mtu anaongeza farasi 100 juu ya hiyo. Unajua nini kinatokea ukikanyaga? Injini inajipindua kwanza kwa maunti. Halafu difu inajipindua. Halafu bushi za nyuma zinajikunja. Halafu nyuma inakaa chini kama mama mzee kwa sofa. Ndiyo sasa gari inaanza kufikiria kwenda mbele. Kila hatua hapo ni vipande vya sekunde, na vyote vinaingia kwa muda wako wa kuitikia. Dereva ametoka vizuri, gari ndiyo imechelewa.

Mbaya zaidi, gari iliyolegea hailegei vilevile kila mara. Leo inachelewa 0.05, kesho 0.11. Kwa hivyo hata yule msee wetu wa 0.12, 0.13, 0.11 haoni kazi yake. Ndiyo maana nasema bushi na maunti kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nenda Grogan ama Kirinyaga Road na nusu ya pesa ya hiyo ekzosti yako uone utarudi na nini.

Baada ya hapo saspensheni inategemea gari yako inasukumwa na magurudumu gani, na hapa nawaomba muache kunakiliana. Mark X na Crown za kawaida zinasukumwa na nyuma. Ukitoka, uzito unarudi nyuma na pua inainuka. Uzito nyuma ni mzuri, tairi zinashika. Lakini pua ikiinuka sana na polepole, muda na nguvu zimeenda kunyanyua boneti badala ya kusukuma gari. Ukikaza shoki za mbele ili pua isiruke mbali, gari inatoka kwa mstari haraka zaidi. Ukikaza sana, uzito haurudi nyuma na tairi zinazunguka bure kwa moshi. Picha nzuri, resi mbaya. Kwa hivyo unakaza kidogo, unajaribu mara tatu, unaandika, unakaza tena. Presha ya tairi ya mbele ukiipandisha kidogo, ndani ya kile kiwango mtengenezaji amekubali, tairi haibonyei, inaachilia mwale mapema kidogo. Za nyuma ukizishusha zinashika vizuri, lakini ukizishusha sana ubavu wa tairi unajikunja kwanza kabla ya kusukuma, na huo ni muda tena. Kila kitu hapa ni kubadilishana, hakuna cha bure.

Golf GTI, Civic na Vitz ni kinyume. Zinavutwa na mbele, na ukitoka uzito unakimbia kutoka kwa magurudumu yanayofanya kazi. Hapa unataka nyuma iwe ngumu isikae chini, na pua isiinuke. Na kuna ubaya wa ziada: tairi inayozunguka bure ndiyo hiyohiyo iliyokaa kwa mwale. Inazunguka palepale, saa ya kuitikia inaendelea kuhesabu, na wewe unasikia injini inalia unadhani unaenda.

Subaru zinashika kwa miguu yote minne, ndiyo raha yake na ndiyo jeuri yenu. Lakini nguvu inapita kwa viungo vingi zaidi, na kila kiungo kikiwa na ulegevu kidogo unajumlisha. Ukitoka na mzunguko mdogo inakufa kwanza kabla ya kuamka, kwa sababu tairi hazikubali kuteleza ziisaidie. Ukitoka na mzunguko mkubwa sana klachi inakuaga. Kuna mahali katikati, na mahali hapo hapako kwa karatasi ya daino. Panapatikana kwa kujaribu.

Wale mnaokata springi na grainda ili gari ikae chini: hiyo si saspensheni, hiyo ni uhalifu. Springi iliyokatwa inafika mwisho wake haraka, gari inaruka kama mpira, tairi inapoteza lami. Na wale mnaenda Naivasha kila mwaka tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021, mnaona zile gari zinavyoelea juu ya mawe, mnarudi mnataka kitu kama hicho kwa dragi. Springi inayomeza mashimo ya Sleeping Warrior haina haraka yoyote na taa yako. Ni kazi mbili tofauti.

Kuna pia suala la kujipanga kwa mstari, nitalipitia haraka. Miale ni miwili, umbali wa kama sentimita 18 kati yao. Ukisonga polepole mpaka taa ya pili iwake tu na usimame hapo, tairi yako ina kama futi moja ya kuviringika kabla iachilie mwale. Ukisonga zaidi ndani, futi hiyo inapungua, unaitikia haraka zaidi, lakini muda wako wa mbio unakuwa mbaya kidogo kwa sababu hukupata mwendo wa bure. Watu wa karatasi hawawezi kukubali hiyo biashara, kwa sababu itaharibu picha. Mtu anayetaka kushinda anaweza kuikubali, kama sheria za kundi lake zinaruhusu.

Halafu kuna nyinyi wa resi za kubingirika. Mnaenda pamoja kilomita 60 kwa saa, honi tatu, mnakanyaga. Najua kwa nini mnapenda. Hakuna kutoka, hakuna klachi, hakuna saspensheni, hakuna taa. Farasi tu. Yaani mmetoa kila sehemu ya mchezo ambayo mtu asiye na pesa angeweza kushinda, mkabakisha ile inayonunuliwa. Mtoto wa tajiri hawezi kuagiza mguu kutoka Japani. Ataagiza injini, tabo, sindano za mafuta, kila kitu, lakini yale majaribio 2,000 ya taa lazima akae ayafanye mwenyewe, na wengi hawatakaa. Kwa mstari wa kuanzia, kijana aliyeazima Axio ya mjomba ana haki sawa na mwenye STI. Kwa nini mnafuta mahali pekee penye haki?

Na hizo resi za kubingirika mnafanyia wapi? Kwa baipasi, usiku, pamoja na lori za mchanga na watu wanaovuka wakitoka kazi. Nimesikia kila sababu. "Hatuna mahali." "Track iko mbali." "Tunafanya mazoezi tu." Mazoezi ya nini? Kitu ambacho kinawashinda hakihitaji hata gari iwashwe. Kinahitaji kiti, mguu na taa. Mnahatarisha boda na abiria wake kufanyia mazoezi sehemu ambayo mshajua, ile ya kukanyaga mafuta mpaka chini. Hiyo hata mtoto wa miaka mitano anaweza.

Kusema kweli, Wamarekani wanawapa watoto kitu kabisa. Tangu 1992 NHRA ina ligi ya watoto, vigari vya dragi vilivyopunguzwa nusu, vya kwanza vilikuwa na injini ya silinda moja ya farasi 5. Tano! Mtoto anajifunza mti kwanza, farasi zinakuja baadaye. Erica Enders alianzia huko akiwa na miaka 8. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa Pro Stock, na kufikia 2023 alikuwa ameuchukua mara sita. Pro Stock ni kundi ambalo gari zinakaribiana sana kwa nguvu, kwa hivyo resi nyingi zinaamuliwa hapo kwa mti. Sisi tunafanya kinyume: tunampa kijana wa miaka 21 farasi 400 na hajawahi kuona taa ya njano isipokuwa ile ya roundabauti, ambayo pia hakuiheshimu.

Waandalizi nao wasijifiche nyuma ya hii. Siku ya dragi, watu wamelipa, wameendesha kutoka Nakuru na Thika, halafu katikati ya gari mbili anasimama jamaa anashusha mikono. Mikono haina sekunde. Dereva mmoja atasoma bega lake, mwingine atasoma kidole, na anayepoteza atalia ameibiwa, na hakuna mtu anaweza kumwonyesha vinginevyo. Lipisheni kiingilio cha juu kidogo kama lazima, leteni mti wenye miale, na kila dereva apewe karatasi yenye nambari tatu: muda wa kuitikia, muda wa futi 60 za kwanza, muda wa mbio. Hiyo ya katikati ndiyo itamwambia kama saspensheni inafanya kazi. Ya kwanza itamwambia kuhusu yeye mwenyewe. Mkitoa nambari ya mwisho peke yake mnaendelea kuzalisha watu wa daino.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukiwa na hasira, sitaki karatasi yako ya farasi. Nitumie picha ya kitabu. Majaribio 20, tarehe, viatu ulivyovaa, hata zile nyekundu usifute. Nitaweka zangu kwanza, Ijumaa hii, pamoja na video ya mguu.